Maji Mdomoni

Mdomo wangu hauna breki, na Lodwar nzima inajua. Ndiyo maana Mungu, ambaye naye hupenda mzaha, akanipa Nakaale, binti wa miaka tisa mwenye kigugumizi. Neno likimkwama kidogo tu, mimi nishalimalizia. Mchungaji akimuuliza jina, nishalitaja, na la ukoo juu yake. Niliona huo ndio upendo.

Mtaalamu wa hospitali alituambia tumngoje amalize mwenyewe. Mume wangu, Ebenyo, akaitikia kwa kichwa. Kwake ni rahisi. Huyo anaweza kushinda kutwa nzima kwa maneno manne.

Tulipohama kutoka Kakuma mwanzoni mwa mwaka, Nakaale alimwacha kwenye kambi ya wakimbizi rafiki yake Nyariek, msichana wa Sudan Kusini, mtu pekee ambaye hakuwahi kumharakisha. Basi Jumamosi moja, kwenye kipindi cha salamu redioni, tukasikia sauti ya Nyariek: "Nasalimia Nakaale wa Lodwar. Umenyamaza sana. Kwani umenisahau?"

Nakaale aliacha uji wake ukapoa. Akasema Jumamosi ijayo atapiga simu, yeye mwenyewe.

Nilikataa. Akilini nilishamwona amekwama hewani, watu wanacheka kuanzia Kainuk hadi Nariokotome. Roho iliniuma kabla hata ya siku yenyewe.

"Nitakusemea mimi," nikamwambia.

"Nya-Nyariek ameuliza mimi. Ha-hakuuliza wewe."

Nikamgeukia baba yake anitetee. Ebenyo alicheka hadi akashika mlango.

Jumamosi ilipofika nilikuwa nakanda unga wa chapati. Laini ilipopatikana, Nakaale akanisogezea kikombe cha maji.

"Mama, weka ma-maji kwa mdomo. Usimeze."

"Weka," akasema Ebenyo.

Nikaweka.

"Ejok, msikilizaji!" Lokorio, mtangazaji, alikuwa na furaha zake zote. "Punguza sauti ya redio yako. Jina nani, na unapiga kutoka wapi?"

"Na... Na..."

Kimya. Jirani yetu Ekaale alikuwa amefungulia redio yake upande wa pili wa ua, na kimya hicho kikatoka huko pia. Maji yakapata joto mdomoni mwangu.

"Hallo? Laini imekatika? Ni Nancy? Ni Nabei?"

Nilitamani kumzaba kofi huyo Lokorio. Si amwache mtoto aseme! Kisha nikaona aibu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo mimi kila siku ya Mungu. Nakaale alitikisa kichwa, akafumba macho, akavuta pumzi. Mashavu yalikuwa yakiniuma.

"Na-Nakaale. Kutoka Lodwar."

Akaanza. Akamsalimia Nyariek, na mama yake Nyariek, na mwalimu wao wa zamani, na mbuzi wa akina Nyariek mwenye pembe moja. Kila jina lilichukua muda wake, na yeye hakuwa na haraka na lolote.

"Asante sana, Nakaale! Sasa tusikilize wimbo..."

"Si-si-sijamaliza."

Lokorio akauzima wimbo. Hata Ekaale nilimsikia akisema, "Mwache mtoto!"

"Nyariek, si-sijakusahau. Nilikuwa nangoja ma-mama anyamaze." Akanitazama. "Na-nasalimia pia mama yangu. Yuko hapa. Leo ame-ameningoja."

Ua mzima wa Ekaale ulilipuka kwa kicheko. Mimi nilijizuia nikashindwa. Maji yalinitoka, ya mdomoni na ya machoni kwa pamoja, yakamwagikia ule unga, na siku hiyo tulikula chapati laini kupita kiasi bila mtu kulalamika.

Nakaale alikata simu, akanipangusa kidevu kwa ncha ya leso yangu.

"Mama, sasa u-u-u..."

Nililijua neno hilo. Nilikaa na tone lililobaki mdomoni, nikamngoja.

"...unaweza kumeza."