Rili Tatu Ndani ya Chumvi ya Bahi

Katika ofisi ile ya takwimu hakuna aliyepandishwa cheo kwa usaili. Usaili ulifanyika, na majina yalibandikwa ubaoni kwa utaratibu wote unaotakiwa. Lakini kila mtumishi alijua kwamba mkuu wa kitengo hupatikana kisiwani Mafia, kila Oktoba, ndani ya boti, Mkurugenzi Hamidu anapokwenda kuvua samaki kwa chambo cha manyoya. Aliipata tabia hiyo masomoni ughaibuni. Kila mwaka alichukua mtumishi mmoja, na wawili wa mwisho waliokwenda walikuwa na ofisi zenye milango kabla ya Krismasi.

Bartolomayo alikuwa na miaka hamsini na minne. Kiti cha mkuu wa kitengo chao kilikuwa wazi tangu Aprili, na alijua, kwa hesabu isiyohitaji kompyuta, kwamba hakuna kingine kitakachokuwa wazi kabla hajastaafu. Kwa hiyo, yeye aliyezaliwa mahali ambapo maji ni habari, akaamua kununua vifaa vya kuvulia baharini.

Alianza, kama kawaida yake, kwa kusoma. Baada ya wiki tatu alifikia hitimisho ambalo wauzaji hawalipendi. Mtu atakayevua siku nne kwa mwaka hahitaji fimbo ya kuvulia ya fahari; ya daraja la kati inamtosha, na ikivunjika itakuwa imebanwa na mlango wa gari, si kuvutwa na samaki. Fedha iwekwe kwenye mshipi, kwa kuwa manyoya hayana uzito na mshipi ndio unaorushwa. Na kwenye rili, gurudumu linalouhifadhi mshipi huo, kwa kuwa breki yake ndiyo inayomchosha samaki mwenye nguvu kama kolekole. Na adui wa rili si kolekole. Ni chumvi.

Kwa muuzaji wa mitumba wa Dar es Salaam alinunua rili tatu, ambazo kwa pamoja hazikufikia bei ya moja mpya. Zilipowasili nyumbani kwake Mkonze, Dodoma, alijaza maji kwenye beseni, akamimina humo chumvi ambayo shangazi yake huikwangua kwenye ardhi ya Bahi wakati wa kiangazi, kisha akazitumbukiza zote.

“Baba Rose, chumvi hiyo shangazi aliileta kwa ajili ya mlenda,” alisema Loisi, mkewe.

“Ni siku kumi na nne tu.”

“Nimeona watu wanaotia nyama chumvi. Wa kutia vyuma, wewe ndiye wa kwanza.”

Siku ya kumi na nne rili ya kwanza ilikuwa imeganda. Ya pili ilizunguka ikilia kama mkokoteni. Ya tatu, mbaya kuliko zote kwa sura, ilizunguka kimya, maana breki yake ilikuwa imezibwa maji yasiingie. Aliisuuza kwa maji baridi, akaikausha, akayaandika matokeo kwenye daftari. Hakuna aliyemwomba ayaandike.

Kisha kila Jumamosi alasiri alikwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, akafunga pamba mahali pa ndoano, akajifunza kurusha. Upepo wa Julai wa Dodoma, unaong'oa mabati ya watu wasioutendea ubaya wowote, ulimrudishia mshipi usoni au ukaupeleka kwenye uzio wa minyaa. Jirani yake Stumai alipita na ndoo kichwani.

“Shikamoo Baba Rose. Leo wanauma?”

“Marahaba. Bado.”

“Ukipata kambale utukumbuke. Sisi hata wa vumbi tunakula.”

Kufikia Septemba aliweza kukidondosha kile kipande cha pamba ndani ya tairi lililolala hatua ishirini na tano mbele yake, upepo ukimpiga kifuani. Habari zilifika ofisini, kama alivyokusudia. Mkurugenzi akamwita.

“Keti, Bwana Bartolomayo. Nasikia unavua Mkonze.”

“Najizoeza, Mkurugenzi.”

“Na rili umechagua ipi?”

Alieleza yote: breki iliyozibwa, beseni, chumvi ya Bahi. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kusikilizwa hadi mwisho mle ndani.

“Wengi hilo hawalijui,” alisema Mkurugenzi. “Mimi mwenyewe nimeua rili mbili, tena za bei mbaya. Watengenezaji siku hizi ni wezi.”

“Labda hazikusuuzwa kwa maji baridi, Mkurugenzi.”

Mkurugenzi akaitazama kalamu yake kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili.

“Labda,” alisema. “Mwaka huu nakwenda na Faridi wa kitengo chenu. Hajawahi hata kuishika fimbo. Unajua, ukienda na anayejua mnaanza kushindana, nami siendi baharini kushindana. Ila hana vifaa. Utamwazima vyako.”

Kesho yake Bartolomayo alivileta ofisini.

Faridi alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mitatu kati yake kazini, na adabu isiyo na dosari. “Shikamoo, mzee. Hii inashikwaje?” Bartolomayo angeweza kumfundisha vibaya. Alilifikiria jambo hilo kwa uzito uliostahili, kisha, kwa saa nzima ya chakula cha mchana, kwenye maegesho ya magari, akamfundisha vizuri, kwa kuwa namna nyingine hakuijua.

Barua ya kumteua Faridi ilibandikwa ubaoni wiki ya pili ya Novemba. Mchana huohuo Faridi alivirudisha vifaa, na kwenye simu akamwonyesha picha: yeye, Mkurugenzi akimshika bega, na kolekole mrefu kama mkono wa mtu.

“Breki haikuteleza hata mara moja, mzee. Nimemwambia kila mtu ni chaguo lako.”

“Ahsante.”

“Mwakani tutakwenda watatu. Mkurugenzi amesema nami nichukue mmoja wa kitengoni.”

Bartolomayo aliinua macho kutoka kwenye picha.

“Sijaamua bado,” alisema Faridi, akiitia simu mfukoni. “Amenishauri nitafute asiyejua.”

“Ni ushauri mzuri,” alisema Bartolomayo, akaipokea fimbo.