Simu Iliyopona Kila Ikifika Mezani

Fundi mmoja wa simu, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa sababu yeye mwenyewe aliwaomba wamwite hivyo, alikuwa na mtindo wake wa kazi: alifungua kwanza, akauliza baadaye. Mteja hajamaliza salamu, bisibisi imeshazama. Maswali aliwaachia wanaoanza kazi. Yeye, baada ya miaka kumi na tano, aliamini vidole vyake vinatosha.

Ndiyo maana mama mkwe wake alipofika kibandani mara ya kwanza na kuanza kueleza kwamba tangu simu yake ijisasishe wiki iliyopita..., hakuachwa afike mwisho wa sentensi. Injinia aliipokea simu kwa mikono miwili, akamwambia mama asijisumbue, aketi tu, betri imechoka. Simu ilikuwa inatoka nyumbani asubuhi na chaji mia kwa mia, na kabla ya saa sita mchana imezima. Kwa Injinia ugonjwa huo ulikuwa na dawa moja tu. Akaweka betri mpya, na kwa kujiridhisha akailaza simu mezani kutwa nzima. Jioni ilikuwa imepungua asilimia tatu. Akampelekea mama simu yake hadi nyumbani, kifua mbele, akanywa chai na kuvimba kichwa.

Siku ya nne mama akarudi. Betri mpya nayo haifiki saa sita. Injinia akasugua tundu la chaji kwa mswaki, akabadilisha betri tena, akailaza simu mezani. Asilimia tatu. Hapo akafanya jambo ambalo kila akilikumbuka masikio yanamchemka: alimwambia mkewe kwamba simu ni nzima kabisa, labda ni mama siku hizi anaangalia filamu kazini kwa siri. Mkewe akaenda kuanua nguo.

Mara ya tatu mama hakuketi. Alisimama mbele ya meza, mkoba kifuani, na fundi alipoinyooshea simu mkono, mama aliizuia.

"Sikuja kugomba, mwanangu," alisema. "Nimekuja kukwambia simu hii ni ya nini."

Akamwambia. Baba mkwe, ambaye Injinia alikuwa akisikia tu kwamba anasahausahau kidogo, alikuwa amefika mahali pa kusahau njia ya kurudi nyumbani. Mama hawezi kuacha kazi, na jirani anayemwangalia mzee naye ana watoto wa kuwakimbiza. Basi kila mwenye duka mtaani kwao amepewa namba, na wakimwona mzee anapita peke yake wanampigia mama. Jana kinyozi wa pale kona alimwona anakatiza barabara na soksi bila viatu. Alipomfuata, mzee alikuwa ameshapotea kwenye watu. Alimpigia mama mara tisa, simu imezimwa. Mzee alipatikana jioni ameketi kwenye ngazi za benki, amejikojolea, anawaomba radhi wapita njia.

"Anawaomba radhi," mama alirudia.

Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze, bisibisi na yote. Mzee yule ndiye aliyemkabidhi binti yake wakati yeye hana hata kibanda, ana maneno matupu na shati moja la heshima. Akasema kesho atafunga kazi, ataandamana na simu hiyo kutwa nzima aone inakufa vipi. Mama akakubali kwa sharti moja: aje mikono mitupu, bila bisibisi.

Mama alikuwa anashona sare za shule katika karakana ya ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye cherehani ishirini, madirisha mapana na vumbi la nyuzi lililomwingia Injinia puani tangu mlangoni. Walimpa kigoda katikati ya marobota ya vitambaa. Simu ikawekwa mezani kando ya mkasi, yeye akaikodolea macho. Mafundi cherehani hawakumwacha. Mmoja aliuliza kama simu imelazwa na yeye ndiye amekuja kumlinda mgonjwa, mwingine akataka kujua saa za kutazama wagonjwa ni zipi. Injinia alicheka nao. Angefanya nini, na vidole vyake vyenye sifa vimekaa mapajani kama vya mtoto aliyekatazwa kushika sukari.

Saa mbili asubuhi simu ilikuwa na mia. Saa tatu na nusu, sitini. Hakuna aliyeigusa, hakuna aliyepiga, wala hakukuwa na filamu yoyote. Lakini Injinia alipoigusa mgongo ilikuwa ya moto.

Kwa kuwa hakuwa na cha kufungulia, ilimbidi asome. Akaingia kwenye mipangilio, mahali ambapo alikuwa akiwaambia wateja wasijipotezee muda, akatazama ni nini kinachokula chaji. Hazikuwa simu za kupiga wala picha. Ilikuwa waifai na bluetooth. Sasisho lile lilipoingia liliwasha, bila kumwuliza mwenye simu, utafutaji wa mitandao ya jirani muda wote. Chini ya karakana kulikuwa na saluni, juu kulikuwa na ofisi za mawakili, ng'ambo ya barabara chuo cha kompyuta. Simu ya mama ilikuwa inabisha hodi kwa wote hao kutwa nzima, inakataliwa, inabisha tena. Akazima utafutaji wa waifai. Akazima na wa bluetooth. Ilichukua muda wa kupiga chafya mbili.

Kufika saa sita mchana simu ilikuwa imeshuka asilimia mbili tu zaidi. Injinia akafurahi, kisha furaha ikamkauka. Kama ugonjwa ulikuwa huu, mbona mezani kwake simu haikuugua?

Jibu lilipomjia aliinamisha kichwa juu ya robota. Miaka sita iliyopita alipokea simu ya mteja iliyolia mezani, akasema haloo kwa sauti nzito, na mume wa mteja akaja kibandani kutaka kumfahamu mwenye sauti hiyo. Tangu siku hiyo kila simu iliyofika kwake, kabla ya lolote, aliiweka kwenye hali ya ndegeni isije ikalia, na alipomaliza akaiondoa. Ndegeni hakuna waifai, hakuna bluetooth. Alikuwa ameipima simu ya mama mara mbili, kutwa nzima, katika hali pekee ambayo haikuwa na ugonjwa. Kisha akamsingizia mama filamu.

Mama akasimamisha cherehani na kuuliza imeonekana nini. Injinia alikuwa na uongo tayari ulimini, mzuri, wenye virusi ndani yake. Angeusema, angeondoka salama na jina lake. Akamfikiria mzee kwenye ngazi za benki, akashindwa.

"Mama, simu haikuwa na ubaya wowote. Betri ya kwanza ilikuwa nzima, nami niliitoa bure. Ni mimi. Ulitaka kuniambia siku ile ya kwanza, nikakukata kauli."

"Najua ulinikata," mama alisema. "Nikadhani wewe ni fundi, una sababu zako."

 Akarudisha mguu kwenye kanyagio, na Injinia akaona kuwa angependelea matusi.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Mama aliidaka kabla ya mlio wa pili. Alikuwa kinyozi wa kona: mzee yupo hapa, nimemkalisha kwenye kiti, njooni bila haraka. Mama akaziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona, na chumba kizima kikasimamisha cherehani. Injinia akamshika mkono, wakashuka ngazi.

Walimkuta mzee mbele ya kioo, shuka la kunyolea shingoni, nadhifu, ameridhika. Alimtambua mkewe na kumwambia amechelewa. Kisha akamtazama mwanamume aliyesimama nyuma yake, akamtazama tena, akauliza huyu ni nani.

"Ni mkweo," mama akajibu, akimfungua shuka. "Anajifunza kutengeneza simu."

Kinyozi akajishughulisha na kitana. Injinia akamwinamia mzee.

"Shikamoo baba. Ni kweli, najifunza."

"Marahaba," mzee akasema, akimpapasa mkono kwa huruma. "Usikate tamaa. Bado kijana."