Daraja la Baba kwenye Hatua ya Tisa

Binti alimwonyesha baba yake ule mchezo kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza michezo ya kompyuta. Huu ulikuwa wa kujenga madaraja: unaanza na kamba za kusuka juu ya korongo, kama walivyofanya watu wa kale, unapanda hadi matao ya mawe, kisha chuma. Unajenga, unapitisha lori, likivuka umeshinda. Hatua ya tisa ilikuwa daraja la mtoni hapo hapo mjini kwao, ambalo baba yake alilipigia hesabu na kulisimamia hadi nati ya mwisho. Wenzake walimbandika jina la Bwana Nati, maana hapiti nati bila kuijaribu kwa vidole, hata ya kitanda cha wageni.

Mzee alivuta kiti hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Madaraja ya kamba na ya mawe aliyacheza huku akicheka, akiwasifu wajenzi wa zamani ambao hata winchi hawakuwa nayo. Ilipofika hatua ya tisa akakunja mikono ya shati. Alilijenga daraja lake kipande kwa kipande, kwa kumbukumbu tu, kisha akaruhusu lori. Lilipofika katikati nguzo ya tatu ikapinda, na daraja zima likaingia majini.

"Rudia, baba," binti alisema. "Ongeza chuma pale katikati."

"Pale sikuongeza chuma," Bwana Nati alisema. "Nililiacha hivyo hivyo."

Akavaa viatu, akatoka. Binti alidhani anakwenda kupunga upepo, akaendelea na chai yake. Baadaye jirani yao, fundi viatu, alipita kumwambia kwamba mzee wake amekaa chini ya daraja, kwenye matope, na hamjibu mtu.

Binti alielewa papo hapo. Baba yake alipenda kusimulia kwamba wajenzi wa matao walisimama chini ya kazi yao siku mbao za kuishikilia zilipoondolewa, ili ikianguka iwaangukie wao kwanza. Yeye na kikosi chake walifanya vivyo hivyo lori la kwanza lilipovuka. Sasa amerudi pale pale.

Jamani, mtu mwenye akili zake timamu anaamini mchezo? Lakini usimcheke. Asubuhi ile ile binti alikuwa amemwambia, tena kwa kujigamba, kwamba uzito wote mle ni wa kweli na chuma kina nguvu zake za kweli.

Alimkuta kwenye jiwe, suruali imelowa hadi magotini, viganja vyekundu kwa kutu. Alikuwa ameipapasa nguzo ya tatu yote.

"Miaka yote hii napita hapo juu kifua mbele," alisema bila kugeuka. "Mabasi ya shule yanapita, mama. Nimwambie nani? Nani atamsikiliza mzee kama mimi?"

Binti angeweza kusema kompyuta imekosea. Uongo ulimfika ncha ya ulimi, na ulikuwa uongo mtamu. Akaiona ile kutu viganjani mwa baba yake, akashindwa.

"Daraja ni zima, baba. Nguzo niliidhoofisha mimi, kwenye mchezo tu. Meneja alisema daraja lisiloanguka halina utamu, watu wataliacha. Nikaipunguza nguvu nusu nzima. Hesabu zako ziko sawa."

Alitegemea mzee ashushe pumzi, au amfokee yaishe. Bwana Nati alimtazama kama anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi.

"Kwa nini hukuchukua daraja la mtu mwingine?"

"Nilitaka jina lako liwemo."

"Limo?"

"Linatokea mwanzoni. Kabla lori halijapita."

"Wanaocheza ni wengi?"

"Wengi, baba. Kila mahali."

"Basi lirudishe lilivyokuwa."

Moyo ulimuuma binti, akatamani hata kupiga magoti matopeni. "Siwezi. Ni mali ya kampuni. Meneja alishakataa."

Lori lilipita juu yao, vumbi likawadondokea mabegani. Daraja halikutikisika, na mzee hakuinua kichwa. Alinawa mikono mtoni taratibu, akakataa mkono wa bintiye, akapanda ukingo peke yake. Kule juu vijana wawili walimpa shikamoo kwa heshima, wakamwita kwa jina lake kamili. Zamani angewajibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Alivuta kofia hadi machoni, akawaambia wamemfananisha.