Homa Imeshuka

Sabra alikuwa ameinamia karoti mtoni, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya mwezi wa saba, mama mkwe wake, Bi Tatu, alipomwita kutoka juu ya ukingo.

"Homa imeshuka, mwanangu. Mwili wa Kassimu baridi kabisa. Alhamdulillahi."

Sabra aliziacha karoti palepale. Siku chache nyuma Kassimu, mumewe, alijichoma unyayo kwa reki akitandaza samadi, akafunga kitambaa, akaendelea na kabichi zake kwa sababu soko la Soni halimngoji mgonjwa. Sasa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Na maneno hayo ya homa kushuka Sabra alishayasikia: yalisemwa juu ya dada yake baada ya kujifungua, na kesho yake wakamzika.

Kassimu alikuwa jikoni, kando ya moto, ndani ya mablanketi mawili. Mwezi ule kila mtu milimani ana mikono baridi, kwa hiyo ya kwake haikumshtua mtu. Lakini alikuwa amekaa tu na anahema kama aliyebebeshwa gunia. Akamuuliza Sabra ni binti wa nani.

"Amekojoa leo?"

"Tangu jana jioni hajatoka," alisema Bi Tatu.

"Mama, hii siyo baridi ya mlimani. Tunaondoka."

Kwenye zahanati ya kijiji ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na nesi Eliza alikuwa peke yake. Akaweka kipimajoto kwapani.

"Homa hana. Kaeni kwenye foleni."

"Mpime presha, nesi."

"Mashine haina betri," alisema Eliza, akiangalia pembeni. "Tumeomba tangu mwezi wa tano."

Sabra hakubishana. Alichukua redio ndogo ya mlinzi katikati ya taarifa ya habari, akaitoa betri. Hazikutosha. Akapanda juu ya benchi, akashusha saa ya ukutani, akachomoa na ya humo. Eliza akazipokea, akazipachika kwenye mashine.

Sabini kwa arobaini. Nesi aliisahau foleni.

"Sumu ya kidonda imeingia kwenye damu," alisema, akitafuta mshipa. "Presha ikianguka hivi, damu haifiki vizuri kwenye figo wala kichwani. Ndiyo maana amepoa. Hajapona, dada. Akichelewa kufika hospitali tunampoteza."

Akamwekea dripu, akamchoma sindano ya antibiotiki. Gari la wagonjwa lilikuwa uani, safi, limeoshwa, linasubiri kibali cha mafuta. Sabra alitoka mbio, akasimama katikati ya barabara mbele ya pikapu ya Anord, dereva anayebeba karoti zake kila siku.

"Shusha magunia."

Anord alimtazama usoni, akashuka kuyafungua.

Walipokuwa wanampakia Kassimu, mganga mfawidhi, Clemence, ndiyo kwanza anaingia kazini.

"Nani ameng'oa saa ya serikali?"

"Shikamoo, daktari. Ni mimi."

"Marahaba. Hiyo ni mali ya umma. Kesho nikukute ofisi ya kijiji."

Sabra alikuwa ameshapanda nyuma, kichwa cha mumewe mapajani, chupa ya dripu ameiinua juu kwa mkono mmoja. Alikuwa anaogopa, na sauti yake haikuficha hilo.

"Nitakuja. Hata nikiwa kwenye eda, nitatoka nije. Na wewe uje utuambie betri ziko wapi."

Pikapu ikashika njia ya Lushoto. Kwenye kona ya kwanza mkono ulianza kumuuma. Hakuushusha.