Bibi wa Kwenye Simu

Bibi alipangusa miwani, akakaa sawa mbele ya kamera. Mjukuu wake, anayeolewa ng'ambo, alitaka dua yake kabla ya kuvishwa pete.

"Haya bibi, tuko hewani," mpiga picha akasema.

Bibi akapangusa miwani tena, akaomba, akamaliza. Kutupia jicho simu ya mkwewe aliyekaa kando yake, akaona bibi mle ndani bado anapangusa miwani.

"Mbona yule haombi?"

"Ni wewe huyo; matangazo yanafika simuni yakichelewa kidogo, mama," mkwewe akasema.

Bibi hakuelewa hata chembe. Akaanza dua upya. Mara na yule wa kwenye simu akaanza. Bibi akanyamaza.

Baadaye mjukuu akapiga simu. "Amina, bibi! Lakini ya pili mbona umeiachia njiani?"

"Nilimpisha yule mwenzangu. Hivi ni nani?"