Kengele ya Friji ya Damu

Fundi wa kompyuta aliajiriwa hospitalini kuandika programu mpya ya kuhesabia mifuko ya damu. Bahili hakosi sababu, kwa hiyo mkuu wake alimwambia atumie kompyuta ileile ya maabara. Ilikuwa kuukuu, ya mfumo wa Linux, imewekwa ubavuni mwa friji ya damu, na kiti chake kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa bandeji.

“Baba, humo ndimo inamokaa kengele ya friji yangu,” alimwonya mhudumu wa maabara, mama wa makamo ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Barafu. “Friji ikipata joto, inalia mpaka mlinzi kule getini anasikia. Usije ukaniharibia.”

“Kengele siigusi, mama. Naweka vifaa vyangu vya Java tu, ile lugha ya kompyuta, nipate pa kuandikia programu.”

“Haya. Nyinyi ndio mnaojua.”

Na kweli alijua, tatizo ndilo hilo. Ijumaa ile mchana alishusha Java mpya, akaielekeza mashine mahali ilipo, akaweka na kihariri cha kuandikia. Alipojaribu, mashine ikamjibu kwa Java ya zamani, iliyokuwa humo tangu enzi za fundi aliyemtangulia. Akaielekeza tena, ikang’ang’ania ileile. Mwenye subira angeziacha zote mbili zikae, kila moja na kazi yake, maana nafasi ilikuwepo tele. Yeye alishikwa na kiherehere cha mtu aliyehamia nyumba mpya, hataki kuona hata sufuria ya mpangaji aliyetoka. Akaandika amri ya kuiondoa ile ya zamani. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Programu yake ya kwanza, ya mstari mmoja tu, ilikwenda bila kusita. Akachungulia na faili la kengele, akalikuta palepale.

“Kengele yako hii hapa, mama. Nzima.”

“Mikono yako ibarikiwe. Yule wa kwanza alikuwa anaweza kushinda humu siku nzima.”

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hakuijaribu kengele kama inalia, hata mara moja. Faili lilikuwepo, ndiyo, lakini lilikuwa limetengenezwa kwa Java ya zamani na bila hiyo halikuweza kusimama. Kila baada ya dakika chache liliamshwa likapime joto, likashindwa, likanyamaza. Na kengele ya aina hiyo ikinyamaza, watu husema mambo ni shwari. Nani angeshtuka?

Jumamosi umeme ulikatika, ukarudi. Friji haikurudi.

Jumatatu asubuhi mama yake fundi alimleta binti yake, kitindamimba wa nyumba yao, aje kujifungua. Akipita dirishani pa maabara, binti alisimama kumtania kaka yake.

“Kaka, huyu akitoka umfundishe hizo kompyuta zako, asije akawa mbumbumbu kama mama yake.”

“Mlete tu. Ada ni kuku mmoja.”

Mtoto alizaliwa salama. Damu ya mama yake ikakataa kukatika.

Muuguzi akaja mbio. Mama Barafu akafungua friji, akaingiza mkono, akashika mfuko mmoja, akashika wa pili.

“Vuguvugu,” akasema. “Yote vuguvugu. Mbona haikulia?”

Fundi akageukia kompyuta, akaikumbuka Java aliyoiondoa.

Gari likatumwa hospitali nyingine. Yeye alinyoosha mkono wake atolewe damu, kundi lake likakataa kuoana na la dada yake. Mama yao alikaa kwenye benchi la korido na kichanga mapajani, akimwambia kila aliyepita, “Mwanangu anafanya kazi humuhumu. Hawezi kukosa kutusaidia.” Gari liliporudi na boksi la damu, dada alikuwa ameshafunikwa shuka usoni.

Fundi akarudi maabara, akaketi kwenye kile kiti kibovu, akairudisha Java ya zamani. Ilikuwa kazi ndogo, isiyofikia hata muda wa kunywa chai. Friji ilikuwa bado ina joto. Kengele ikaanza kulia.

Mama yake akatokea mlangoni na mtoto begani.

“Nini hicho kinacholia?”

“Kengele ya friji ya damu, mama.”

“Sasa inamlilia nani? Mtu si keshakufa?”

“Ilitakiwa ilie tangu Jumamosi.”

“Nani aliizima?”

Mama Barafu, aliyekuwa akitupa mifuko kwenye pipa, aliinamisha kichwa. Fundi angeweza kusema ni umeme, au kwamba mashine imezeeka, na mama yake asingejua tofauti mpaka anaingia kaburini.

“Ni mimi, mama.”

Mama akamziba mtoto sikio kwa kiganja. Akatoka naye.