Kompyuta Iliyokuwa Ikisema

Ofisini walimwita Subiri, kwa kuwa miaka yote aliyokaa kwenye meza ya simu neno lake la kwanza lilikuwa hilo: subiri kidogo, nakuunganisha. Alikuwa haoni tangu utotoni, lakini sauti ya mtu akiisikia mara moja haimtoki. Kisha kila mfanyakazi akawa na simu yake mfukoni, na meza ya Subiri ikaanza kushika vumbi. Meneja akamwambia kwa upole kwamba pale mezani hapana kazi tena. Ila akiweza kuchapa mazungumzo ya mkutano yaliyorekodiwa, bila kusaidiwa na mtu, akayaleta Jumatatu asubuhi, atamwajiri awe mpiga chapa.

Subiri hakutishika. Akiba yake yote alikuwa ameinunulia kompyuta mpakato, na alipoiagiza alisisitiza ije na mfumo wa Linux, si Windows, kwa sababu ndiyo aliyofundishwa katika shule ya jioni ya wasioona. Ilikuja na sauti yake ndani. Kila herufi aliyobonyeza ilitajwa, kila mstari ukasomwa kwa Kiswahili kikavu, kama cha mtu mwenye mafua. Dada yake, ambaye Subiri aliishi kwake, alisema nyumba imepata mpangaji asiyelipa kodi wala kunyamaza. Wiki nzima mpangaji alisoma na Subiri akasahihisha, hadi Jumamosi kazi ikaisha. Ilibaki kuichapisha kwenye karatasi tu.

Jumapili alikwenda kunyoa. Huku nyuma shemeji yake, dereva wa lori, akaichukua kompyuta kimyakimya. Tangu siku ilipofika alikuwa na dukuduku nayo, maana kioo chake hakikufanana na cha kompyuta yoyote aliyowahi kuiona, na mtu asiyeona ni rahisi kudanganywa. Akaipeleka kwa fundi. Fundi alipouliza kama kuna picha za kuhifadhi kwanza, shemeji alicheka, akasema mwenyewe haoni, picha za nini?

Subiri aliporudi alikuta amewekewa kiti, na kompyuta ikatulizwa magotini pake.

"Shemeji, wale watu walikuuzia mbuzi kwenye gunia," shemeji alisema. "Sasa nimekupigia Windows, tena kwa posho ya safari yangu mwenyewe. Usinirudishie hata senti."

Dada akamsimulia kioo: mlima, majani mabichi, mbingu ya buluu. Akasema ni kama dirisha limefunguliwa ukutani.

Subiri alibonyeza vile vitufe vya kuiamsha sauti. Kimya. Akavibonyeza tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani aliyehama.

"Haisemi," alisema.

"Imepona," shemeji akamjibu kwa fahari. "Ile kelele nayo nilimwambia aiondoe."

"Na vilivyokuwamo?"

"Vyote tumefuta. Mpya kabisa, kama imetoka dukani leo."

Mkono wa shemeji ulikuwa begani kwake, mzito na wenye furaha. Subiri alitafuta neno la ukali. Utamgombeza vipi mtu aliyejinyima posho yake akakununulia hasara? Alisema ahsante, shemeji.

Simu ililia. Alikuwa meneja: samahani kwa kusumbua siku ya mapumziko, kuna binti naye anaitaka ile nafasi, na yeye meneja anataka kujua kama amwambie asije kesho. Je, kazi imekamilika?

"Mwambie iko tayari," shemeji alimnong'oneza. "Mwambie una Windows."

Vidole vya Subiri vilikuwa bado juu ya vitufe, na kompyuta haikutaja hata herufi moja.

"Subiri kidogo," alisema kwenye simu, na hakuwa na mtu wa kumuunganisha naye.